Kadi za Simu Hazimtoi Mtu Nyumbani

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini huku kwetu Likoni arusi haijai watu nisipoalika mimi. Mwanamke wa hapa haendi arusini kwa kuwa ameisikia. Sharti abishiwe hodi, asalimiwe, aambiwe kwa mdomo, "Mwaalikwa siku ya kupamba bi arusi, nyote na wageni wenu." Kazi hiyo ya kuzunguka milango aliniachia mama yangu, na miguu yangu yajua kila kizingiti.

Uwanja wa kaunti ulipofunguliwa mtaani petu, nilifurahi kuliko vijana. Una mpira wa miguu, una kikapu, una kiwanja cha voliboli, na ukumbi mkubwa tunaofanyia arusi. Mjukuu wangu wa kike alicheza voliboli pale na wenzake, Jumanne na Alhamisi. Ana mkono huyo, akiupiga mpira unalia. Nami nilikaa pembeni na mabuyu yangu, najidai kama kwamba nimemfundisha mimi.

Halafu msimamizi wa uwanja akatia kufuli. Siku za wasichana akawapa wanaume wanaotoka Nyali na magari yao, na mashindano ya shule yalikuwa mwezi ujao. Mjukuu wangu alipouliza, alijibiwa mbele ya wenzake, "Nenda ukamsaidie nyanya yako kukanda mahamri." Siku hiyo hakula.

Nilimfuata yule bwana ofisini. Hakuinuka kitini.

"Mama, hapa kuna utaratibu. Andika barua."

"Kuandika sijui sana."

"Basi," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Mtu akinitukana mimi, magharibi haifiki nimeshamsamehe. Akimvunja mjukuu wangu, namtia moyoni kama ndimu za achari kwenye chupa, akolee.

Sikungoja sana. Binti mkubwa wa msimamizi akapata mume, na kupamba kukapangwa ukumbini pale pale, baada ya alasiri. Mkewe akaja kuniomba nikaalike. Nikamwambia wazi: kiwanja cha wasichana kifunguliwe kwanza. Mumewe aliposikia, akacheka. Watu siku hizi, alisema, hualikwa kwa kadi za simu. Akazituma mwenyewe. Mtu kazaliwa pwani, kalelewa pwani, na bado akakosea hivyo.

Siku yenyewe nilikaa barazani kwangu, ukumbi uko ng'ambo ya barabara. Wanawake wakapita wakiniuliza, "Bi mkubwa, wewe umealikwa?"

"La."

"Basi na sisi hatukualikwa." Wakarudi majumbani.

Saa kumi na moja mkewe akaja mbio, wanja umemchirizika mashavuni.

"Shikamoo mama. Viti vitupu. Bi arusi keshavishwa, analia."

"Marahaba. Si mlialika kwa simu? Ziambieni zije zile biriani."

"Mama, nakuomba."

"Mumeo ana ufunguo. Aulete yeye, kwa miguu yake."

Akauleta. Alisimama chini ya baraza yangu na kanzu mpya, jasho shingoni, majirani wamejaa madirishani. Sikumkaribisha kukaa. Nikamwita mjukuu wangu aupokee, nikamtaka bwana amtajie siku zake.

"Jumanne na Alhamisi," akasema, kama mtu mwenye jino bovu.

"Sema wasikie na wa nyuma."

Akasema tena.

Ndipo nilipovaa buibui. Nilibisha milango mpaka sauti ikanikauka, na kabla ya magharibi ukumbi ulijaa, wengine wakasimama. Bi arusi nilimbusu, yeye hakunikosea kitu. Lakini yale machozi yake, wallahi, siyajutii. Nilitaka baba yake aone mtoto wa mtu anavyorudi nyumbani kuketi peke yake hataki kula.

Mashindanoni wasichana wetu walitolewa mechi ya kwanza. Msimamizi akasikika akisema nilihangaika bure. Haya. Wasichana wangali wanacheza, na nimeambiwa binti yake wa pili kachumbiwa, posa imeshapokewa. Nangoja baba yake abishe mlango.