Neno Alilolisahau Fosca

Fosca alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi katika mji mdogo wa milimani, kaskazini ya Lucca, nchini Italia. Majira ya baridi yale huzuni ilimwingia kama unyevu ukutani: akaacha kushona, akaacha kusema, mwisho akaacha kula. Dawa hazikufua dafu. Daktari akashauri atibiwe kwa umeme kichwani, akiwa amelazwa usingizi.

Ilva, dada yake mkubwa, akaja juu. "Mnataka kumkaanga? Shangazi yetu Argia walimfunga mikanda, akarudi hajui hata jina lake!"

"Hiyo ilikuwa zamani, mama. Siku hizi mgonjwa hasikii kitu," daktari akamjibu.

Fosca akafungua kinywa kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Nipelekeni."

Alipozinduka mara ya kwanza aliuliza, "Tumefika?" Ilva akalia. Lakini matibabu yalipoendelea, asubuhi moja Fosca aliomba supu ya maharage, akafuta sahani kwa mkate. Ilva akabaki mdomo wazi, hajui afurahi au aogope. Majirani aliwaambia mdogo wake yuko kwenye chemchemi za maji moto.

Siku chache baada ya kurudi nyumbani, msichana alibisha hodi, akamrukia Fosca shingoni.

"Mama Fosca! Nimemwacha, kama ulivyoniambia!"

"Umemwacha nani, mwanangu? Na wewe ni nani?"

"Nives! Si ulikuwa ukinipima gauni, baridi ilipoanza? Ukanishika mkono, ukasema, 'Huyu mwanamume atakukausha.' Nikarudisha pete."

Fosca alitafuta kichwani. Majira yale ya baridi hayakuwemo. Palikuwa peupe tu. Je, aliona kitu kweli, au ni ugonjwa uliosema kwa kinywa chake?

"Nives, sikuwa kwenye chemchemi. Nilitibiwa kwa umeme. Neno hilo silikumbuki, na siku zile nilikuwa mgonjwa sana."

Nives akarudi nyuma hatua, akimtazama paji la uso kana kwamba anatafuta kovu. "Umeme? Bado wanafanya?" Kisha, kwa sauti ndogo: "Basi mimi nimemwacha kwa maneno ya nani?"

"Sijui, mwanangu."

Waliketi. Ilva akaleta kahawa, macho chini.

"Ulipomrudishia pete, ulijisikiaje?" Fosca akauliza.

Nives aligusa kidole kilichokuwa na pete. "Nililala fofofo," akasema, kisha akaanza kulia, na Fosca hakujua kama ni kilio cha faraja au cha majuto.