Nimeificha Kamera ya Mume Wangu, Sasa Anataka Kumsomea Mwizi Halbadiri

Jina la bibi huyu tunalijua sisi tu wa ukurasa huu, na litabaki kwetu. Barua ni yake.

Bwana Mhariri, assalamu alaykum. Mimi ni mke wa miaka ishirini na minne, mkazi wa Bagamoyo, na mtoto wangu wa kwanza ana siku thelathini na tatu. Nilisoma hadi darasa la nne, kwa hiyo naandika kwa mkono wangu mwenyewe, na naandika kwa hasira.

Mume wangu ni karani. Mwaka jana alinunua kamera kwa Mgoa mmoja aliyekuwa akirejea kwao, na tangu siku hiyo sina mume, nina mpiga picha. Mama yake alikuja kututembelea kutoka Mkange, mume wangu akamkalisha juani ampige picha. "Inua kidevu, mama." Bi mkubwa anazungumza, mwanawe kafumba jicho moja, la pili liko kwenye kioo cha kamera. Mwezi uliofuata bibi wa watu akafariki. Tuliporudi matangani mume wangu akaniuliza, "Hivi mama siku ile alisema nini?" Nikamjibu, "Muulize huyo uliyemtia kwenye karatasi."

Hilo nililimeza. La mtoto lilinikaba. Alipozaliwa, mkunga alimtoa amemviringisha kanga, babake amwadhinie sikioni kama sote tulivyoadhiniwa. Niko kitandani nasubiri Allahu Akbar, nasikia, "Msogeze mlangoni, hapo pana kiza." Mwanangu kapokewa duniani kwa maneno hayo! Adhana ikabidi aitoe baba yangu.

Wiki mbili zilizopita nikaichukua kamera, nikaifukia ndani ya gunia la mpunga. Mume wangu kaitafuta mpaka darini. Siku tatu alinuna. Siku ya nne, kwa kukosa la kufanya, akampakata mtoto, mara akaniita, "Bibie, njoo uone! Ana kitundu juu ya sikio, kama cha mama!" Picha kumi alishampiga, na ndiyo kwanza anamwona. Siku hizi akitoka kazini hata kofia havui, anamtaka mwanawe.

Lakini kamera hajaisamehe. Juzi alitangaza mbele ya wageni kwamba isipoonekana kabla ya arobaini ya mtoto, mwizi atasomewa halbadiri. Nanyi mnakijua kisomo hicho cha laana, kinamfuata mwizi hata akiwa analala kitanda kimoja na mwenye mali. Na mimi nanyonyesha.

Msiniandikie habari za subira, nilikwishasubiri vya kutosha. Wala msiniambie nitubu, maana sijuti hata chembe. Nikiirudisha, siku ya arobaini mwanangu atatolewa nje mbele ya baba aliyefumba jicho moja. Nikinyamaza, kisomo ni changu. Zimebaki siku saba, na sasa hivi nawasikia ukumbini, baba anamwimbia mwanawe. Nishaurini, nifanye nini?