Kufuli kwenye Bomba la Baba

Laiti ningemkatalia baba mdogo asubuhi ile, nisingezeeka na hasira hii. Alinipa mnyororo na kufuli, akaniambia nifunge bomba letu la maji. Nikafunga.

Juzi bomba lilipasuka nyumbani kwa binti yangu, hapa Butembo. Maji yakajaa jikoni, mkwe wangu akawa anakimbia huku na huku akitukana. Mimi nilikaa kwenye kiti nikitetemeka, wakadhani ni baridi, wakanifunika blanketi. Wewe unayenisikiliza, nikuambie kilichonitetemesha.

Wakati ule kilima chetu kilikuwa na nyumba chache za udongo, mashamba ya viazi na kabichi, na ukungu uliokaa mpaka jua lipande. Baba alikuwa seremala wa kanisa. Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa alipokuwa anahama alimwachia mabomba ya chuma, na wanaume wa kilima wakachimba mtaro kutoka chemchemi ya juu mpaka uani kwetu. Kwa hiyo kila nyumba ilichota, na hakuna aliyeomba ruhusa. Baba hakulifunga bomba hata siku moja. Maji yalitoka usiku na mchana, yakaingia katika mfereji, yakateremka kwa jirani yetu, mjane aliyelima puaro, vile vitunguu virefu vya majani. Nililala nikiyasikia, na harufu ya maharagwe yaliyopikwa na puaro zake ikiwa bado mikononi mwangu.

Mwana wa pekee wa mjane huyo alikuwa rafiki yangu. Tulikaa dawati moja, na alikuwa na mdomo. “We kichwa ya kabichi,” alizoea kuniambia, “kimbia, mwalimu iko anakuja na fimbo!” Mwalimu hakuwepo, nami nilikimbia kila mara.

Kisha vita vya waasi walioitwa Simba vikatufikia. Baba alikuwa ameteremka Beni kutafuta mbao, barabara ikafungwa nyuma yake. Waasi walipiga kambi katika shule yetu, kule bondeni karibu na mto. Watu wa bondeni wakakimbilia kilimani, na uani kwetu foleni ya ndoo ikawa ndefu kutoka alfajiri. Baba mdogo, aliyebaki mkubwa wa nyumba, akaingiwa na hofu.

“Hawa batu batatuletea Basimba mulangoni,” alisema. “Funga.”

“Baba alisema robine ya maji hapana funga.”

“Baba yako iko wapi? Iko Beni! Weye ndiye mwanaume ya nyumba sasa. Shika ufunguo.”

Maneno hayo yalinilevya. Niliuvaa ufunguo shingoni kwa kamba kama medali. Niliwafukuza wamama waliokuwa wamenibeba mgongoni nikiwa mchanga. Jioni rafiki yangu alikuja na ndoo, nikamwambia nimekatazwa. Aliuangalia ufunguo, akacheka.

“Aa, shefu ya maji, mukubwa yetu! Basi, kesho nitaenda kunywa na vyura.”

Asubuhi akateremka mtoni.

Asubuhi hiyo hiyo tulisikia mlio kama wa bunduki, lakini ulitoka ndani ya nyumba. Usiku kucha maji yaliyozoea kutoka yalikuwa yamesukumana ndani ya chuma kile kikuukuu bila njia, na kiungo kilichopita chini ya chumba cha bibi kikapasuka. Ukuta wa udongo ukaanza kulainika. Ndipo nilipoelewa kwa nini baba hakufunga. Bibi, tuliyemwita Mukaka, tulimtoa akiwa amekumbatia Biblia yake na mto wa kulalia. Baba mdogo alizunguka uani akinitukana mimi, kana kwamba kufuli nilizaliwa nayo. Kutoka upande wa barabara ya Beni risasi za kweli zililia.

Jirani yetu mjane akatokea, kikapu mkononi.

“Mutoto yangu bado kurudi. Hamukumuona?”

Akauona ukuta unavyoinama. Akaweka kikapu chini, akaingia matopeni, akauegemea ukuta kwa mgongo wake.

“Nashika,” aliniambia. “Weye panda, ziba maji kule juu. Kimbia!”

Nilikimbia mpaka chemchemi, nikaziba mdomo wa bomba kwa shati langu na udongo. Niliporudi, wale wale niliowafukuza walikuwa wamejaa uani. Wengine walitegemeza ukuta kwa miti, wengine walikata mpira wa ndani wa baiskeli, wakauviringisha kwenye kiungo na kuukaza kwa waya. Hakuna aliyeniuliza habari ya kufuli. Mukaka alisimama katikati ya matope. “Wasingya, Yesu,” alisema, asante kwa Kinande, “ukuta umekataa kuanguka.” Nilitaka kumziba mdomo. Tunashukuru nini, na bonde limejaa bunduki? Alinivua ufunguo, akafungua mnyororo, akavitupa vyote chooni.

Nikapanda kuzibua bomba, maji yakarudi, mekundu kwanza, kisha safi. Jirani akanawa mikono, akainama, akanywa, akasema “wasingya” kwa sauti ndogo. Halafu akachukua kikapu chake, akashika njia ya mtoni.

Kama nina imani, niliipata pale, kwa mwanamke niliyemnyima maji ambaye bado aliubeba ukuta wetu mgongoni. Kila nifunguapo bomba nasema neno lile lile. Nalisema nimeuma meno. Nawakasirikia wale walioingia vitani na kufanya watoto wa shule punda. Namkasirikia baba mdogo, aliyekufa bila kulitaja jambo hilo. Zaidi najikasirikia mimi, maana yeye alisema tu. Mkono uliozungusha ufunguo ulikuwa wangu.

Mabomba ya baba yameliwa na kutu. Mfereji umejengewa nyumba, puaro hakuna, na usiku kilima kinalia jenereta. Waliotoka bondeni walisema waasi walimkuta rafiki yangu akijaza ndoo, wakambebesha sanduku la risasi, wakaondoka naye kuelekea Beni. Hakurudi. Mama yake alizeeka na kufa bila mtoto. Mimi nilisoma mpaka sekondari, nikaoa, nikazaa, lakini rafiki mwingine sikupata.