Jicho la Shangazi

Shangazi yangu ni daktari wa macho. Kifaa cha kunyonya mtoto wa jicho, fahari ya maisha yake, alikibuni mwenyewe. Kila mgonjwa alipoulizwa naye kama kinauma alijibu, "Hapana, daktari."

Juzi mtoto wa jicho alimpata yeye. Mwanafunzi wake alipokiwasha kifaa, shangazi aliubana mkono wangu hadi ukafa ganzi.

"Kinauma, mwalimu?"

"Sana. Maliza."

Aliinuka ameduwaa, jicho limefungwa bandeji. "Kumbe wote walinidanganya?"

"Nani angethubutu kukulalamikia, shangazi?" nilisema kwa hasira. "Hospitali nzima inakuogopa."

Aliagiza upasuaji wote wa kesho yake uahirishwe, akaomba bisibisi, akaanza kukifungua kifaa chake palepale.