Stendi ya Pikipiki ya Marcelo

Siku ya kufungua ununuzi wa pamba, pikipiki ya Marcelo ilianguka mbele ya gereji ya mtu aliyefungwa jela kwa sababu ya pikipiki hiyo hiyo.

Hakuna aliyeigusa. Marcelo aliipandisha kwenye stendi ya kati, akageuka kuagana na watu, ikalala chini kama ng'ombe aliyekatwa miguu.

Wakuu, huyo fundi ni bamdogo wangu, Luhaga. Nawapa kisa kama alivyonipa yeye.

Ilikuwa Lagangabilili, miaka ile kampuni binafsi zimeruhusiwa kununua pamba. Enzi hizo bado tunahesabiwa Shinyanga, mkoa wa Simiyu haujazaliwa.

Kabla ya hapo mnunuzi alikuwa mmoja tu. Karani akichelewa, unamsubiri. Akikutukana, unameza. Marcelo alikuwa karani wa zama hizo, kijana wa hapo hapo, na ofisi ilimpa pikipiki nyekundu.

Bamdogo alikuwa rafiki yake. Wakati huo amemchumbia Anna, binti wa Kiloleli, na ng'ombe wa mahari wako zizini wanasubiri siku tu.

Siku moja Marcelo akamtuma Kiloleli apeleke kitenge kwa mwanamke wake wa siri. Akampa pikipiki ya ofisi, kitu ambacho hakuruhusiwa.

Springi ya stendi ilikuwa imekatika. Marcelo alikuwa ameifunga stendi kwa kipande cha mpira wa tairi, na hakusema.

Njiani mpira ukakatika. Stendi ikashuka pikipiki ikiwa mbio, ikagonga jiwe kwenye kona, bamdogo akarushwa. Mguu wa kulia ukavunjika sehemu mbili.

Wakubwa wa ofisi wakauliza pikipiki ilifikaje huko. Marcelo akasema imeibwa.

Basi. Neno moja tu.

Sungusungu walimkuta bamdogo kando ya barabara hawezi hata kukaa. Ntemi wao, yaani mkuu wao, mzee Masunga, akamfunga kamba mikononi kwa mikono yake mwenyewe, mguu ukiwa vile vile umevunjika. Alipojitetea kwamba alitumwa, walimchapa wakidai anamsingizia mtumishi wa serikali.

Akafungwa jela. Babu akauza wale ng'ombe wote kulipia pikipiki.

Bila ng'ombe hakuna mke. Anna akaolewa na mwingine, na huyo mwingine alikuwa Marcelo.

Bamdogo alitoka jela na vitu viwili: mguu unaochechemea na ufundi wa kuchomelea vyuma. Akafungua gereji Lagangabilili, akaoa mama yetu mdogo Joyness, akanyamaza. Watu wakadhani amesahau.

Aliniambia kila alipowasha ule moto wa gesi alikuwa anaiona sura ya Marcelo katikati.

Ofisi ilipokuja kuuza vitu vyake chakavu, Marcelo akainunua ile pikipiki. Kisha akawa wakala wa kampuni binafsi, akahamia Bariadi. Ndiyo maana asubuhi ile alikuja nayo.

Mambo yalikuwa hivi. Wakulima wamejaa uwanjani, mbele ya gereji ya bamdogo, na marobota yao. Kampuni nyingine inatarajiwa kuingia muda wowote. Marcelo akawaomba wamsubiri, yeye ni mtoto wa nyumbani, anarudi Bariadi mara moja kulileta lori lake, ambalo haliruhusiwi kuondoka bila yeye. Wakakubali.

Ndipo pikipiki ikaanguka. Sikio la stendi, pale inaposhikiwa na shafti, likakatika, na kanyagio la breki likapinda.

Wenye pikipiki za zamani mnajua. Kwenye zile, shafti inayoshika stendi ndiyo hiyo hiyo inayoshika kanyagio la breki. Stendi ikiharibika hivyo, huna breki ya nyuma. Na fundi mwenye gesi ya kuchomelea alikuwa mmoja tu, mwingine mpaka Bariadi.

Marcelo akaikokota mpaka mlangoni kwa bamdogo. Akamsalimia "mwangaluka" kama mtu aliyeachana naye jana, akamwita ngosha kama wanaume wa kwetu wanavyoitana, akamwomba aichomelee haraka.

Bamdogo akaitikia salamu, akachukua spana.

Akafungua stendi. Akafungua kanyagio. Akachomoa shafti. Akapanga kila kitu juu ya gunia, hata nati ndogo.

Halafu akanawa mikono, akakaa kwenye kigoda.

Marcelo akauliza vipi.

"Nitaifunga," bamdogo akasema. "Ila kwanza waambie hawa watu nani alinipa hii pikipiki siku ile."

Marcelo akacheka. Akasema hayo ni mambo ya zamani, wote walikuwa vijana. Akaahidi kumlipa mara tatu ya bei ya kazi. Akatishia kumpeleka polisi. Bamdogo akamwambia kituo cha polisi anakijua, aende mwenyewe kwa miguu.

Wakulima wakaanza kusogea. Lugha yao ikawa ya kunong'onezana, Kisukuma kitupu.

Mara vumbi likaonekana upande wa barabara kuu. Lori la kampuni nyingine.

Lilipaki. Vijana wakashusha mizani, wakaifunga kwenye mti wa uwanjani. Wakulima walikuwa bado wanamtazama Marcelo, maana walimpa neno lao.

Marcelo akaangalia lile lori, akaangalia vyuma vyake kwenye gunia. Akainama, akasema kitu sikioni kwa bamdogo.

"Mimi nimesikia," bamdogo akasema. "Wao hawajasikia."

Marcelo akasimama wima, akageukia watu.

"Nilimtuma mimi."

Mzee Masunga alikuwepo, ameleta pamba yake. Akasogea mbele na fimbo.

"Rudia. Ulimtuma?"

"Nilimtuma. Hakuiba."

"Na kuanguka kwake?"

Marcelo akatazama chini. Akasema stendi ilikuwa imefungwa na mpira, na alijua.

Mzee Masunga alibaki anaitazama mikono yake mwenyewe, ile iliyofunga kamba. Hakuomba msamaha siku hiyo. Alikuja baadaye kuomba, na bamdogo anasema hakumpa haraka. Alimwacha arudi arudi.

Sasa bamdogo akainuka. Akawasha gesi.

Mjue hakumfanyia hila. Angeweza kuchomelea juu juu akapaka rangi. Alichomelea vizuri, akanyoosha kanyagio, akaweka springi mpya, akafunga pini mpya. Akaipandisha pikipiki kwenye stendi, akaizungusha tairi ya nyuma hewani, ikatulia tuli.

"Tayari," akasema. "Nenda kalete lori lako."

Marcelo alipopiga kiki, mayu mmoja, mama mjane, Nyanjige, akajitwisha robota lake. Akatembea mbele ya macho ya Marcelo mpaka kwenye mizani ya wale wageni.

Akafuata mwingine. Akafuata mzee Masunga. Wakafuata wote.

Zamani wangefanya nini? Mnunuzi alikuwa mmoja. Safari hii walikuwa na pa kwenda.

Lori la Marcelo lilikuja likakuta uwanja mweupe. Habari ikatangulia vijiji vingine, akakuta hali ni hiyo hiyo. Msimu haujafika nusu, kampuni ikamwachisha kazi.

Nilimuuliza bamdogo alijisikiaje. Akaniambia siku ile alikula ugali wa watu wawili akaomba mwingine. Hakujisikia vibaya hata kidogo.

Alidhani ameishinda vita peke yake.

Msimu ukielekea kuisha, Anna akapita gerejini. Ana begi, ana watoto wake, anarudi kwao Kiloleli moja kwa moja. Alisalimiana na mama mdogo Joyness kwa heshima, akapewa maji, kisha akamgeukia bamdogo.

Akamweleza kwamba miaka yote aliamini ameepuka kuolewa na mwizi. Mwaka uliopita ndipo Marcelo, akiwa na rafiki zake kwenye pombe, alisimulia habari ile ya mpira huku anacheka. Yeye alikuwa anawapakulia nyama.

"Ningesema mimi, wangesema bado namtaka mchumba wangu wa zamani," akasema. "Ile asubuhi, kabla hajaondoka, nilichomoa pini inayoshika shafti ya stendi. Nilijua anakuja huku, na fundi wa huku ni wewe."

Bamdogo akashtuka. Yeye alidhani pini ilidondoka yenyewe kwa uchakavu. Akamuuliza ingekuwaje kama stendi ingedondoka njiani, pikipiki ikiwa mbio.

Anna akamtazama ule mguu.

"Wewe si ilikudondokea njiani?"

Akajitwisha begi, akashika watoto mkono, akaenda zake. Hawajaonana tena.

Bamdogo anasema yeye alitaka Marcelo aaibike. Kumbe ndani ya nyumba ya Marcelo kulikuwa na mtu aliyekuwa tayari hata Marcelo afe.

Wakuu, ukimtendea mtu ubaya, usimwogope yule tu uliyemtendea. Huyo unamjua, utamkwepa. Mwogope anayekupakulia chakula huku anakusikiliza ukicheka.