Kupanda Farasi Bila Jukwaa

Niliajiriwa kutunza farasi nikiwa na miaka hamsini na mbili, muda mfupi baada ya kuacha kazi ya ugani wa mifugo. Maisha yangu yote nilikuwa nachanja ng'ombe, nahasi mafahali wadogo na kubishana na wafugaji kuhusu josho. Farasi nilikuwa nimemwona kwenye kitabu cha chuo, ukurasa mmoja tu, na kwenye magwaride ya televisheni. Lakini aliyenitafuta alisema mnyama ni mnyama, na mimi nilikuwa nahitaji kitu cha kunitoa nyumbani asubuhi.

Mtu huyo tulimwita Bosi, kwa kuwa mwenyewe ndivyo alivyotaka. Alinizidi umri kama miaka minane. Alikuwa amekaa nje ya nchi muda mrefu, akarudi na kofia ya ukingo mpana, buti za kufika magotini, na farasi watatu walioletwa na lori kutoka upande wa Iringa. Alinunua shamba mbele kidogo ya Milanzi, akajenga mabanda mazuri kuliko nyumba za jirani zake wote, akatangaza kwamba watalii watakuja kuzunguka nyanda za Ufipa juu ya farasi. Waliokuja walikuwa watumishi wa ofisi za mjini, siku za Jumapili, kupiga picha.

Huyo mtu hakujua kupanda farasi. Alijua kukaa juu ya farasi, na hayo ni mambo mawili tofauti. Alikuwa amechongewa na fundi wa mtaa wa Majengo jukwaa la mbao lenye ngazi tatu, likapigiliwa zulia jekundu juu yake. Kila alipotaka kutoka, jukwaa lilibebwa na wanaume wawili hadi ubavuni mwa farasi. Mmoja alishika hatamu, mwingine alimsukuma Bosi makalioni kwa heshima zote. Akishakaa alivuta pumzi, akarekebisha kofia, akatutazama kana kwamba ametoka kushinda vita.

"Farasi hapandwi kutoka chini," alitufundisha. "Wanaopanda kutoka chini ni wahuni."

Nisimnyime haki yake. Mgongo wa farasi hupata nafuu mtu akipandia juu ya kitu, hilo ni kweli na nimelisoma. Ila yeye hakuwa akiufikiria mgongo wa farasi. Siku moja nilimwuliza, kwa unyenyekevu niliokuwa bado nao, itakuwaje mtu akishuka huko porini, labda kamba imekatika au tumbo limemuuma. Alicheka.

"Mama, wewe na umri wako, ukishuka porini utatembea. Mimi sishuki."

Basi nikaanza kujifunza peke yangu. Bosi alilala kila siku baada ya chakula cha mchana, usingizi mzito wa mtu asiyefanya kazi, na saa hiyo nilimtoa farasi jike wa kahawia, mzee na mpole, nikaenda naye nyuma ya mabanda. Mara ya kwanza sikukaza vizuri ukanda wa tumbo. Niliweka mguu kwenye kikuku, ile pete ya chuma ya kukanyagia, nikajivuta, na tandiko lote likazunguka likaja chini ya tumbo lake, mimi nikiwa nimelifuata. Nilianguka kwa mgongo kwenye mabua ya ulezi. Yule farasi aligeuza shingo akanitazama, kisha akaendelea kula.

Mara ya pili nilimchoma ubavuni kwa ncha ya kiatu, akaondoka mguu wangu mmoja ukiwa bado hewani. Nilirukaruka kwa mguu mmoja hadi kwenye ua. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba nguvu si kitu. Unamtafutia farasi mahali pa mteremko, yeye asimame upande wa chini, wewe upande wa juu. Unakaza ukanda, unasubiri atoe pumzi, unakaza tena, kwa sababu farasi hujaza tumbo hewa makusudi. Unateremsha kikuku matundu mawili ya mkanda wake. Mkono wa kushoto unashika hatamu pamoja na singa za shingoni, wa kulia unashika sehemu ya mbele ya tandiko. Halafu unaruka mara moja, bila kusitasita, na unakaa taratibu kama unayekaa kwenye kiti chenye mtoto aliyelala. Goti langu la kulia lilivimba. Nililipaka dawa, nikanyamaza.

Nilinyamaza, na hilo ndilo linalonikera ninapokumbuka. Miaka miwili nilisimama pembeni ya lile jukwaa, nikasema "Ndiyo Bosi", "Sawa Bosi", huku najua njia nyingine.

Kisha akaja mgeni, mwanasheria kutoka Dar es Salaam, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyekuja kupumzika. Aliwahi kupanda farasi mara chache kwenye ufukwe, akizungushwa kwa kamba. Bosi alifurahi mno. Alisema atampeleka mwenyewe hadi kwenye ukingo wa uwanda, kule unakoliona Bonde la Ziwa Rukwa na njia za kuteremkia Kaoze huko bondeni. Tungelala kwa jamaa yake njiani, tuamke mapema, tufike ukingoni asubuhi. Mimi ningekwenda kwa ajili ya farasi. Wale wanaume wawili wa jukwaa wangebaki.

Niliona tatizo hapo hapo. Yeye hakuliona. Kwa yule jamaa yake alipandia kwenye ukuta mfupi wa tofali, akishikwa na wenyeji wanne, akadhani dunia yote ina ukuta na wenyeji wanne.

Asubuhi ile ilikuwa na upepo wa baridi, ule unaoingia kwenye mifupa mwezi wa saba. Tulipita mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Watu walitoka kutazama, na Bosi aliwavulia kofia mmoja mmoja kama askofu anayepita parokiani. Mgeni alikaa vizuri kwenye tandiko. Tulipofika ukingoni ardhi ilikatika ghafla mbele yetu, na chini kabisa, mbali, ziwa lilionekana kama karatasi iliyosahaulika kwenye vumbi.

"Tushuke tunywe chai," alisema Bosi.

Nilimwangalia. "Bosi, una hakika?"

"Una wasiwasi gani, mama?"

Tukashuka. Tukanywa chai ya chupa na maandazi ya jana. Bosi alimweleza mgeni habari za farasi kwa nusu saa nzima, asilimia kubwa uongo. Alisema farasi humtambua mtu wa damu ya utawala. Mgeni alitikisa kichwa kwa adabu, akaniangalia kidogo, akarudisha macho kwenye kikombe.

Ndipo ukafika wakati wa kupanda.

Bosi alisimama ubavuni mwa farasi wake, dume kubwa jeusi, akatazama kushoto na kulia. Nadhani kweli alikuwa analitafuta jukwaa. Kisha akanyanyua mguu. Haukufika. Akaushika kwa mikono miwili akaupandisha kwenye kikuku kama anayepakia gunia, akaanza kurukaruka kwa mguu uliobaki. Farasi akazunguka. Bosi akazunguka naye. Walizunguka hivyo mara tatu, Bosi akihema chini na tandiko likiwa halina mtu juu.

"Ardhi hii imeinama vibaya," alisema.

Alijaribu tena, safari hii akivuta hatamu kwa nguvu zote, na farasi akarudi nyuma kwa maumivu ya mdomo. Nilimshika farasi.

"Kumbe huyu leo ana jini," alisema Bosi.

Bibi mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni alitua mzigo wake, akakaa juu yake ili aone vizuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza kwa Kifipa kama yule mzee anapanda au anakataliwa.

"Bibi anasema nini?" aliuliza Bosi.

"Anatusalimia, Bosi."

Nilimwendea nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nitapiga goti, akanyage paja langu, atafika. Nilimwambia pia anaweza kumshusha farasi upande wa chini wa mteremko. Njia zote mbili zilikuwa rahisi. Angekuwa juu kabla chai haijapoa kwenye kikombe.

Alinitazama kana kwamba nimemwomba avue nguo.

"Siwezi kumkanyaga mwanamke," alisema kwa sauti kubwa, ili mgeni asikie ustaarabu wake. "Na sihitaji kufundishwa na mtu wa ng'ombe. Farasi wamechoka. Tutatembea kidogo tuwapumzishe."

Farasi walikuwa wamesimama zaidi ya nusu saa wakila majani.

Mgeni alinisogelea. "Mama, wewe ungepandaje?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Nilikuwa nimezoea kusema sijui. Lakini nilimtazama yule mtu, buti zake zinazong'aa, kofia iliyokaa upande, namna alivyojifanya anakagua kwato ambazo hakuwahi kuzisafisha hata siku moja, na dharau iliyokuwa imelala ndani yangu miaka miwili ikasimama wima. Nikamgeuza jike wangu, nikamweka upande wa chini, nikakaza ukanda, nikasubiri, nikakaza tena. Nikaruka. Nilikaa kwenye tandiko kabla mgeni hajafunga mdomo. Bibi wa kuni akapiga kigelegele kimoja kifupi.

Kisha nikateremka nikamfundisha mgeni. Mara ya kwanza alibaki ananing'inia ubavuni kama mkoba. Mara ya pili alimchoma farasi na kiatu, nikamwambia aelekeze kidole gumba cha mguu mbele. Mara ya tatu akakaa. Alicheka hadi akatoa machozi.

"Bosi," aliita, "njoo, mama atakuonyesha. Ni rahisi!"

"Nyie endeleeni," alisema. "Mimi napenda kutembea."

Akatembea. Kuanzia asubuhi ile hadi jua lilipoanza kuelemea magharibi, alitembea akimvuta farasi wake aliyekuwa mzima na hana mzigo. Nilisimama mara mbili kumwambia anipe nafasi nimsaidie. Mara zote alijibu kwamba anafurahia mandhari. Buti zile hazikushonwa kwa ajili ya miguu inayotembea. Alianza kuchechemea tulipovuka kijito, na tulipopumzika nikaona, alipovua buti moja kwa siri nyuma ya kichaka, soksi yake imelowa damu kisiginoni.

Nitasema ukweli: sikumwonea huruma. Nilitafuta huruma ndani yangu, kwa sababu nimelelewa kuwa nayo na nimesali kwa ajili yake, na sikuipata. Nimehurumia ng'ombe waliovunjika miguu kuliko nilivyomhurumia yeye siku ile. Mgeni ndiye aliyetaka sote tushuke tutembee naye. Nilimwambia asijisumbue: mtu aliyechagua kuumia miguu badala ya kusaidiwa hawezi kuondolewa maumivu na watu wengine kutembea. Alikubali, lakini aliniangalia kwa namna iliyonifanya nijiulize kama nami sijawa mgumu mno.

Tulipobakisha kama nusu kilomita kufika shambani, kwenye kona ya barabara ya Milanzi, Bosi alitusimamisha. Vijana wawili walikuwa wakisukuma baiskeli yenye gunia la mahindi. Aliwaita.

"Shikamoo, mzee!" alisema mmoja.

"Marahaba. Shikeni hapa. Ninyanyueni."

Wakaangaliana, wakaweka baiskeli chini, wakamnyanyua. Mmoja alimsukuma kwa bega. Farasi alivumilia. Bosi akakaa, akarekebisha kofia, akatoa kitambaa akafuta vumbi kwenye buti, akapita mbele yetu. Hivyo ndivyo alivyoingia getini: kifua mbele, mkono mmoja kiunoni, wafanyakazi wake wakimpokea kwa makofi. Alishushwa kwenye jukwaa lake jekundu na akasimama juu yake akiwasimulia safari.

Nilikuwa nafungua tandiko la jike wangu niliposikia anasema kwamba njia ilikuwa ngumu na kwamba mimi nilimhatarisha mgeni kwa kumfundisha mambo ya kihuni. Kuanzia leo, alisema, hakuna mtu atakayepanda farasi wake bila jukwaa na bila idhini.

Nilimaliza kufungua tandiko, nikalining'iniza mahali pake, nikamsugua yule farasi mgongo kwa majani makavu kama kila siku. Kisha nikaenda kusimama chini ya jukwaa.

"Bosi, natafuta kazi nyingine."

"Umekasirika?"

"Hapana. Nimechoka kukushikia ngazi."

Wale wanaume wawili walitazama chini. Mgeni alikuwa amesimama mlangoni na begi lake, na sijui alifikiri nini, kwa sababu hatukuzungumza tena.

Sasa nafanya kazi na kikundi cha kina mama wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na mikono yangu inanuka tena kinyesi ninachokijua. Bosi bado ana farasi wake. Wakati mwingine namwona barabarani akipita juu ya yule mweusi, na namwamkia shikamoo kwa sababu ni mkubwa kwangu na mama yangu alinifundisha hivyo. Anaitikia marahaba bila kusimama. Yule jike wa kahawia simwoni tena akitolewa. Niliuliza, wakasema amezeeka, anashinda amesimama karibu na ua. Wiki iliyopita nilipita na fungu la majani mabichi, nikanyoosha mkono juu ya seng'enge, akaja akala.