Nilivyochagua tikiti kama mtu anayechagua chungu, nikamkosa mchumba kule Mpitimbi

Wakuu, nawasalimu popote mlipo.

Kuna kijana humu ameweka uzi wa kuchagua tikiti kwa kulipiga makofi na kutega sikio. Watu wanamshukuru utadhani kawagawia viwanja. Nimeshindwa kunyamaza.

Haya ninayosimulia si chai. Ningekuwa natunga, ningejitungia akili kidogo, maana siku ile sikuwa nayo.

Ni Songea, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Waliokuwepo wanaijua. Tulitoka kwenye foleni ya sabuni, mara maduka yakajaa redio kaseti, viatu vya plastiki na saa za mkononi za kila rangi. Tukawa watumwa wa vitu vinavyong'aa. Kitu kikififia kidogo tu, tulikiona kibovu.

Mimi nilikuwa fundi baiskeli jirani na soko. Mchumba wangu, Skola, kwao ni Mpitimbi. Sisi wawili tulishakubaliana, ilibaki baba yake, Mzee Alfonsi, aseme ndiyo.

Nilimpenda sana yule binti. Naandika hili mapema ili mjue nilikuwa naenda kuchezea nini.

Sasa, mshenga kwa kawaida ni mtu mzima, mwenye heshima na maneno machache. Mimi nikamteua rafiki yangu Oswin. Sifa zake? Alikuwa na miwani ya jua, na alishafika Dar mara mbili. Basi.

Oswin ndiye aliyesema tusiende na kuku kama washamba, twende na tikiti maji. Wakati huo pale kwetu lilikuwa tunda la kuonekana kwa msimu, likiletwa kutoka upande wa Tunduru.

Sokoni tukamkuta Bi Somoe, mama wa kutoka Nakapanya, huko huko Tunduru, kayapanga juu ya gunia. Tukampa shikamoo, akaitikia, akauliza tunataka la kuliwa lini. Tukamwambia leo hii, la kupeleka ukweni.

Akachagua moja, akaligeuza atuonyeshe ubavu. Lilikuwa na doa kubwa la njano, ngozi imefifia, kikonyo kimekauka.

Oswin akacheka kwa pua. Akaninong'oneza kwamba mama anatutupia lililooza ubavu.

Hapo utaalamu ukaanza.

Kwetu chungu huchaguliwa kwa kugonga. Mama zetu wote walifanya hivyo: kikilia kwa sauti kali ni kizima, kikitoa mlio mzito kina ufa. Basi Oswin akachuchumaa, akavua na miwani, akaanza kugonga matikiti ya watu moja baada ya jingine.

La Bi Somoe likatoa mlio mzito. Akalisukuma pembeni.

Akafika kwenye moja la kijani kali, linang'aa kama limepakwa mafuta, ubavu mweupe, kikonyo bado kina maji. Akaligonga, likalia kwa ukali. Akatangaza kwamba hilo ndilo zima. Nami nikaunga mkono kwa confidence zote. Sitamsingizia Oswin peke yake. Mama yangu alinifundisha vyungu, nikajiona nimefuzu hadi matunda.

Bi Somoe akasema, "Mwanangu, hilo bado changa. Wallahi haya nayalima mwenyewe, siyaokoti. Chukua lililolalia udongo mpaka likageuka rangi."

Nikamjibu kwamba sisi ni watu wa mjini, hatudanganyiki.

Watu wa mjini! Songea yenyewe ya wakati ule, ukitembea kidogo tu uko katikati ya mahindi ya watu.

Tukalifunga kwenye kerea ya baiskeli, tukakanyaga hadi Mpitimbi. Ilikuwa Jumapili, tukawakuta wametoka misa. Wakatupokea vizuri sana, mkeka ukatandikwa. Oswin akatoa hotuba ndefu kuhusu maendeleo, ambayo hakuna aliyemwomba.

Mzee Alfonsi akashukuru. Akasema kwake zawadi ya mgeni hailazwi ndani, hukatwa hapo hapo na kuliwa pamoja. Shangazi yake Skola akaleta kisu.

Likapasuka katikati. Jeupe, wakuu. Jeupe hadi mbegu.

Oswin angefunga mdomo, huenda leo ningekuwa na wajukuu Mpitimbi. Lakini alishafika Dar mara mbili. Akaeleza kwamba hiyo ni mbegu mpya ya kizungu, ndani huwa nyeupe, na kwa utamu inayashinda mekundu.

Mzee akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, kijana? Ndivyo ilivyo?"

Skola alikuwa mlangoni na sahani mkononi, ananiangalia. Jibu nilikuwa nalo, neno moja tu. Nimekosea.

Nikasema, "Ndiyo, baba. Ni ya aina hiyo."

Mzee akasogeza sinia mbele yangu, akanikaribisha. Nikala. Tikiti changa lina ladha ya boga bichi lililoloweshwa maji. Nilikula vipande vinne huku natabasamu kama zuzu. Oswin akakumbuka ghafla kwamba tumbo linamsumbua.

Mzee akasubiri nimeze. Akasema, bila hasira yoyote, kwamba ujanani alipalilia mikorosho Nakapanya na matikiti alikula mpaka yakamchosha.

"Kuchagua bichi si kosa, hata mimi nimewahi. Ungesema umekosea, tungecheka, tungekuchinjia kuku. Lakini umekula bichi mbele yangu ukaniambia limeiva. Siku binti yangu akipata shida kwako, utaniambia hajambo."

Skola akaweka sahani chini, akaingia ndani.

Baadaye nilimtuma mtu mzima wa kweli. Akarudi na jibu lile lile. Mwaka uliofuata Skola akaolewa Namtumbo.

Kwa Bi Somoe nilirudi kuomba radhi. Alinifundisha bila kunisimanga: tafuta doa la njano pale lilipolalia, ngozi iliyofifia, kikonyo kikavu, uzito mkubwa kuliko umbo lake. Ukigonga, mlio uwe mzito. Mlio mkali waachie wafinyanzi.

Na mkishakosea, semeni mmekosea. Ni neno fupi, halina hata mbegu za kutema.

Haya, mnaotaka kunicheka pitieni hapa chini. Na mliowahi kuharibu ukweni kwa ujuaji wenu msijifiche, nanyi semeni.

Na Skola, kama unapita humu: lilikuwa bichi. Nilijua tangu kisu kilipoingia.